Jumeli ya 20×50 au 8×42?

SWALI: Jambo papa. Mimi ni mwalimu wa biolojia huku Bagira, Bukavu. Natafuta jumeli (darubini ya macho mawili) ya kuwaonyesha wanafunzi ndege wa Ziwa Kivu. Muuzaji mmoja wa Kadutu ananisukumia ya 20×50, eti inavuta zaidi. Mimi huvaa miwani.

JIBU: Jambo mwalimu. Mwachie 20 yake. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukikuza mara 20, na mtetemeko wa mikono unakuzwa vilevile. Bila kisimamio cha miguu mitatu, mdiria atakuchezea ngoma machoni. Chukua 8×42. Gawanya 42 kwa 8: mwanga unaotoka kuingia jichoni una upana wa milimita 5 na kidogo. Ile nyingine inatoa 2.5 tu, na jioni, mboni ikishapanuka, utalalamikia giza.

Miwani usiivue. Tafuta yenye vikombe vya macho (pete za mpira unapoweka jicho) vinavyoshuka, na nafasi ya jicho, yaani umbali kutoka lenzi ya nyuma hadi jicho, isiyopungua milimita 15 hivi.

Kabla ya kulipa, toka nayo nje ya duka, tazama ukingo wa bati la mbali. Ukiona mistari miwili, prizimu, vile vioo vya ndani vinavyopindisha mwanga, zimehama. Rudisha, hata akipunguza bei. Lenzi nyekundu zinazong'aa? Urembo wa sokoni. Kwa mvua zetu, iliyojazwa gesi ya naitrojeni haishiki ukungu ndani.

Wanafunzi wasiielekeze juani kamwe. Wala kambi ya askari, tafadhali.