Maswali ya wasomaji: Taa ya traksheni haitaki kuzima

SWALI: Taa yenye alama ya gari linaloteleza, yaani ya traksheni (mfumo unaozuia magurudumu kuteleza), inawaka pamoja na ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kufunga unapokanyaga breki). Fundi alibadilisha sensa (kifaa kinachopima spidi) ya gurudumu la mbele kushoto, zikazima siku moja, kisha zikarudi. Sasa anataka kubadilisha sensa tatu zilizobaki. Nikubali?

JIBU: Usikubali kabla hajakuonyesha ni gurudumu lipi lenye kasoro. Traksheni haina sensa zake za magurudumu. Inatumia zile zile za ABS, ikilinganisha spidi ya magurudumu manne. Ndiyo maana moja ikikata mawasiliano, taa zote mbili zinawaka.

Anza na mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Zile ndogo za bei nafuu husoma kodi za injini tu, zinazoanza na P. Hapa unahitaji inayosoma zinazoanza na C. Katika magari mengi C0035 ni mbele kushoto, C0040 mbele kulia, C0045 nyuma kushoto na C0050 nyuma kulia, ingawa watengenezaji wengine wana orodha zao. Toyota, kwa mfano, hutumia C0200 kwa mbele kulia na C0205 kwa mbele kushoto. Ukisoma kodi ya gari moja kwa orodha ya gari lingine, utafungua gurudumu lisilo na kosa.

Kodi inataja njia ya umeme ya gurudumu hilo, wala si lazima sensa yenyewe iwe imekufa. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, tazama spidi za magurudumu yote kwenye mashine huku mwenzako akiendesha moja kwa moja kwa kilomita 20 hadi 30 kwa saa. Zinapaswa kukaribiana sana. Inayoruka au kuanguka sifuri ndiyo ya kuifuata.

Kwa kuwa lako lilipona siku moja tu, nina shaka zaidi na waya. Waya wa mbele hukunjwa kila usukani unapozungushwa, na shaba hukatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Inua gari, liweke juu ya stendi, kisha zungusha gurudumu kwa mkono huku msaidizi akiutikisa waya na wewe ukitazama kipimo. Fungua pia soketi yake: ukiona unga wa kijani kwenye pini, ni maji yaliyoingia.

Sensa za zamani, zisizohitaji umeme, hupimwa kwa multimita: nyingi husoma kati ya om (kipimo cha ukinzani wa umeme) 800 na 2,000, na gurudumu likizungushwa hutoa volti kidogo za AC. Linganisha na ya upande wa pili. Lakini zile za kisasa, zinazolishwa umeme, usizipime om, maana unaweza kuziua. Pima volti upande wa waya unaotoka kwenye gari, swichi ya gari ikiwa imewashwa. Katika magari mengi utakuta volti zinazokaribia za betri. Umeme usipofika, sensa mpya haitasaidia kitu.

Je, beringi ya gurudumu hilo ilibadilishwa karibuni? Magari mengi ya sasa yana pete ya sumaku, ambayo ndiyo sensa huisoma, iliyofichwa kwenye sili ya beringi, na upande huo lazima uelekee sensa. Fundi akiigeuza wakati wa kuipiga presi, gurudumu litazunguka vizuri kabisa ila sensa haitaona kitu. Kosa hili ni la kawaida kuliko mafundi wanavyopenda kukiri. Kwenye magari yenye pete za meno badala ya sumaku, tafuta ufa au kutu. Kutu chini ya sensa pia huiinua, na nafasi inayotakiwa kati yake na pete ni kama milimita moja tu. Safisha kiti chake kwa brashi ya waya, na bolti yake ndogo uikaze kwa kiasi.

SWALI: Kwangu ABS haiwaki. Ni taa ya injini na ya traksheni tu, na breki ni nzima.

JIBU: Basi usiguse magurudumu. Traksheni hupunguza nguvu ya injini pale gurudumu linapoteleza. Kompyuta ikiona injini ina hitilafu, katika magari mengi huizima traksheni na kuwasha taa yake. Soma kodi za P. Ukikuta P0301, silinda ya kwanza inamisi (haichomi mafuta inavyotakiwa): hamisha koili yake (inayolisha plagi umeme) kwenye silinda ya pili. Kodi ikihamia P0302, badilisha koili. Ikibaki, angalia plagi, kisha injekta.

SWALI: Taa ya traksheni iliwaka nilipotoka kufanya alaimenti (kunyoosha magurudumu). Usukani umenyooka.

JIBU: Sensa ya pembe ya usukani haijui tena katikati ni wapi. Baadhi ya magari hujirekebisha ukizungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi wa kulia injini ikiwa inaunguruma, kisha ukaendesha kidogo. Mengine lazima yawekwe sifuri kwa mashine, gari likiwa limesimama mahali tambarare na magurudumu yamenyooka. Rudi kwa aliyefanya alaimenti. Hiyo ni sehemu ya kazi yake.

SWALI: Yangu inamweka kwenye tope tu, halafu gari linakosa nguvu.

JIBU: Hiyo si hitilafu, mfumo unafanya kazi. Ukikwama, bonyeza swichi ya kuzima traksheni ili magurudumu yaweze kuzunguka, na uiwashe tena ukishatoka. Ikianza kumweka kwenye lami kavu, hakikisha tairi zote ni za saizi moja na zina upepo sawa. Tairi dogo la akiba huzunguka kwa kasi kuliko wenzake, na kompyuta inaweza kudhani linateleza.

SWALI: Fundi anasema aing'oe fyuzi ya ABS, mambo yaishe.

JIBU: Hayataisha. Taa itaendelea kuwaka, nawe utakuwa umepoteza ABS pamoja na mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma, hivyo magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga mapema unapokanyaga breki ghafla. Tafuta fundi mwingine.