Maandishi yanafifia pamoja na boksi: angalia leya kabla ya opasiti

Mkuu, umesema ukishusha opasiti (namba ya uzito wa rangi: 100 haipenyi, 0 haionekani) ya boksi jeusi kwenye kadi ya harusi, majina ya maharusi nayo yanafifia, na siku nyingine opasiti yenyewe inagoma kabisa. Yote mawili yalinitesa nilipokuwa najifunza kazi stationari.

Opasiti hushika leya nzima (tabaka moja kati ya yale yanayopangwa moja juu ya jingine), haichagui. Kama boksi na maandishi umeyaunganisha yakawa leya moja, au yapo ndani ya folda na umebofya folda badala ya boksi, kila kilichomo kitafifia. Picha ikae chini, boksi katikati, maandishi juu, kila kimoja na leya yake. Bofya boksi peke yake ndipo ushushe. Mimi huanzia asilimia 60. Nikiona uso wa bibi harusi umemezwa, nashuka hadi 45. Na usirudufu boksi la 50 ukidhani utapata 100. La pili linaziba nusu ya kile kilichobaki wazi, kwa hiyo unapata 75.

Hilo la kugoma: kwenye programu ya Photoshop picha ukiifungua inakuja na kikufuli. Kibofye, itaachia. Programu ya GIMP haina kikufuli hicho, ila picha ya JPEG huingia bila chaneli ya alfa (sehemu inayotunza uwazi wa picha). Ukipitisha kifutio, badala ya kuona vile vyumba vya drafti vya kijivu vinavyoonyesha uwazi, unajikuta unapaka rangi. Bofya leya kwa kitufe cha kulia cha mausi, ongeza chaneli ya alfa, basi.

Njia ya mkato ya Photoshop: ukiwa na zana ya kuhamishia, bonyeza 4 na 5 harakaharaka, leya inakwenda 45, ukibonyeza 0 inarudi 100. Ukiwa na brashi, namba hizohizo zinabadilisha brashi. Mimi niliwahi kupaka nusu saa rangi hafifu huku nikiilaumu kompyuta.

Kwenye Photoshop, chini ya opasiti kuna namba nyingine imeandikwa Fill. Wengi hawaigusi, na wanakosa uhondo. Ukishusha opasiti, kivuli na mstari wa pembeni vinaondoka pamoja na herufi. Ukishusha Fill, herufi zinafifia lakini kivuli kinabaki. Jina langu kwenye sampuli za wateja naliweka hivyo: Fill 0, kivuli chembamba, linaonekana kama limegongwa kwenye karatasi.

Ukimaliza, usihifadhi JPEG kama unataka uwazi ubaki. JPEG haina uwazi. Nilipeleka nembo ya kwaya ikachapwe kwenye fulana za maruni, kwenye skrini yangu ilikuwa safi. Fundi akaniita zikiwa zimeshatoka nne: nembo iko ndani ya boksi jeupe pee. Zile nne nikazilipia, moja naendea nayo shamba mpaka leo. Sasa mteja nampa PNG, ambayo hubeba uwazi, na faili lenye leya zake, PSD (la Photoshop) au XCF (la GIMP), nabaki nalo.

Kama bado inagoma, weka hapa skrinishoti ya paneli ya leya tuione.