Kwa nini hadithi za baharini ni za meli za matanga tu?

Mkuu, umeuliza kwa nini watunzi wanang'ang'ania meli za matanga wakati za injini zipo. Kwangu sababu kubwa ni habari kuchelewa. Uingereza na Marekani zilitia saini mkataba wa amani mjini Ghent (Ubelgiji ya leo) tarehe 24 Desemba 1814, lakini Januari 8, 1815 askari wao bado wanauana New Orleans, Marekani, maana habari ilikuwa haijavuka bahari! Nahodha wa zama hizo anaamua mwenyewe, hana wa kumpigia simu. Halafu kuna kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C: katika safari ya Anson, kamanda wa Uingereza aliyezunguka dunia (1740 hadi 1744), mabaharia walifumuka vidonda vilivyokwisha kupona miaka mingi nyuma. Ukiandika, anzia kwenye mambo hayo. Vita vya mizinga vinaweza kusubiri.