Sapoti gani hiyo? Majibu ya maswali yenu

Safari hii kila aliyeandika anataka kujua kuhusu sapoti, huyu ya kuku, huyu ya mtoto, mwingine ya silabu (lile zege la dari), yaani vurugu tupu. Nimechukua matano, twende nayo.

Shemeji yangu wa Mbale aliniomba sapoti ya milioni 1 aanze kufuga kuku, nikamtumia kwa mobile money. Saa hii nikimuuliza ananiambia "si ulinisapoti?" Hiyo ni deni au sio deni? (Dada, Ntinda)

Dada yangu, ulipotuma ulisema chochote kuhusu kurudisha? Manake ile meseji ya mobile money inaonyesha kiasi na tarehe, haisemi kama umekopesha au umegawa, na kwa ndugu zetu hela isiyotajiwa siku ya kurudi huwa imeshaliwa. Hata PDM, ile hela ya maendeleo ya parishi hapa Uganda, wako watu wanaihesabu kama zawadi ya serikali kumbe ni mkopo, kaya inapata milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka na unairudisha kwenye SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya parishi ili jirani naye achukue. Mimi ningempigia, nisiandike, nimuulize kwanza kuku wamefikia wapi, alafu nimwambie arudishe kidogokidogo, na akikubali ndo aandike mwenyewe kwa WhatsApp kwamba ni mkopo na atalipa ngapi kila mwezi. Akikataa kabisa, Krismasi si inakuja, chukua majogoo.

Baba wa watoto wangu anatamba kwamba anatoa sapoti, kumbe ni elfu 20 siku akijisikia, na soda. Nina haki gani na wakili siwezi kumlipa? (Mama wa wawili, Busia)

Mama, pole sana, na huyo bwana aache kujisifu, anachotoa ni chini ya wajibu wake. Sheria ya Watoto ya Uganda inamtaka mzazi amtunze mtoto mpaka afike miaka 18, na inataja vitu kwa majina, masomo, chanjo, chakula cha kutosha, nguo, malazi na matibabu. Soda haimo. Na haijalishi kama mlifunga ndoa au la.

Wakili sio lazima. Anza kwa LC1 wako, mwenyekiti wa kijiji, ikishindikana nenda wilayani kwa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii, huyo kazi yake ndo hiyo, atamuita mkae chini mkubaliane, na bwana akigoma kesi inaenda mahakama ya familia na watoto ambayo inaweza kuamuru atoe kiasi fulani kila mwezi. Ukienda beba vyeti vya kuzaliwa au kadi za kliniki, risiti za shule, na daftari umeandika kila alichotoa na tarehe yake, hata ile elfu 20 iandike, usimnyime haki yake. Ukitaka kuuliza kwanza piga 116, ni laini ya watoto, ni bure. Ila usiwafiche watoto wasimuone baba yao kwa sababu ya hela, hapo unamuharibia mtoto na kesi yenyewe.

Fundi anataka kutoa miti ya sapoti chini ya silabu, haijamaliza hata wiki. Nimruhusu? (Mzee wa Masaka)

Mzee shikamoo, hapana, usimruhusu! Fundi ana haraka kwa sababu hiyo miti ya kalitunsi anaitaka saiti nyingine, sio kwa sababu silabu yako imekuwa tayari. Zege likigongwa juu linalia gumu lakini ndani bado linakaza, na nguvu yake wahandisi huihesabu siku ya 28. Mbao za pembeni sawa, zinaweza kutoka baada ya siku mbili tatu kwa sababu hazijabeba uzito. Za chini ndo zimebeba kila kitu, hizo zinasubiri wiki mbili, tatu, na chumba kikiwa kipana zaidi zinakaa zaidi, siku kamili akupe injinia aliyechora, sio fundi. Wakati huo mwagia maji asubuhi na jioni, na wasikupandishie lundo la matofali huko juu.

Na kuna jambo mafundi wengi wanalipuuza. Miti ya chumbani inaanza kutolewa katikati ukielekea kwenye kuta, lakini ya balkoni inaanzia ncha ya nje ukirudi ukutani. Chuma cha balkoni kimelazwa upande wa juu, sasa ukitoa ya ukutani ukabakiza mti mmoja wa nje, zege linapasukia chini ambako chuma hicho hakipo. Simama hapo siku hiyo uone kwa macho yako.

Laptop imeniandikia kwamba Windows 10 haina sapoti tena. Itazima? (Mwanafunzi, Arua)

Haitazima. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake matundu mapya ya usalama hayazibwi, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa mwaka. Ikikubali Windows 11 weka, ikikataa weka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ni bure. Alafu mtu akikupigia anajiita "sapoti ya Microsoft", huyo mwizi, kata simu.

Mume wangu anasapoti Arsenal kuliko anavyonisapoti mimi. Nishauri. (Mama nyumba, Jinja)

Wewe wa Jinja ndo unaniuliza mimi? Si hapohapo kwenu Januari 2023 polisi walikamata mashabiki wa Arsenal waliotoka barabarani na jezi na kikombe kushangilia kuifunga Manchester United 3-2, ati maandamano bila kibali! Wako yuko sebuleni, una nafuu. Mwambie tu luninga inawaka makaa yakishanunuliwa.