Betri mbili ndani ya miezi minne, tatizo nini?

SWALI: Fundi shikamoo, boda yangu asubuhi nikibonyeza stata inalia tik tik tu, kiki inawaka freshi, ila usiku taa hafifu mpaka nivute moto. Nimeshabadilisha betri mbili, fundi wa kijiweni ananiambia ninunue ya tatu. Nifanyeje? – Dereva boda, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hiyo hela iache mfukoni kwanza. Azima multimita (kile kipimo cha umeme), weka DC 20 (volti hadi 20), pima betri pikipiki ikiwa imezimwa, ikiwa nzima inasoma kama volti 12.6, halafu washa uvute moto kiasi, isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikigoma kupanda basi chaji haifiki, ikipita 15 rektifaya (kile kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa chaji) inaipika betri. Kabla hujanunua rektifaya chomoa soketi yake uiangalie, mara nyingi utakuta pini moja imeungua, plastiki imeyeyuka rangi ya chai, na waya wa ethi (ule wa negativu) kwenye chesisi una kutu, safisha kwa msasa ukaze. Bado? Hapo pima koili ya chaji, ile ya kwenye injini inayozalisha umeme. Na kama umefunga taa za urembo, zichomoe kwanza, zinakula umeme balaa.