Mwonyeshe sehemu ya tatu, ila mwandae

Ndugu wa Bukavu, unauliza kama umwonyeshe mdogo wako Alien 3, filamu ya kutisha ya zimwi la angani, au muishie kwenye ile ya pili aliyoipenda mno. Mwonyeshe, ila si usiku uleule.

Uchungu wako naujua. Katika Aliens ya 1986, ya James Cameron, Ripley, shujaa wa filamu hizi, anahatarisha maisha yake ili amwokoe mtoto Newt. Mwaka 1992 sehemu ya tatu inaanza tu, na tayari Newt na Hicks, askari aliyeokoka pamoja nao, wamekufa. Nilipoiona hapa Lubumbashi, mtaani Katuba, kwa yaya, kaka yangu mkubwa, sikusema neno mpaka mwisho. Hadi leo naona walikosea.

Lakini mwongozaji David Fincher, ambaye hiyo ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza, alianza kupiga picha hadithi ikiwa bado haijakamilika kuandikwa. Kwa hiyo tafuta toleo refu lililotoka 2003. Lina karibu nusu saa zaidi, na humo wafungwa wa gereza ambako Ripley anajikuta wanakuwa watu kweli, si chakula cha zimwi tu.

Mdogo wako umwambie mapema kwamba kuna msiba. Mkifika pale Newt anapoagwa mbele ya tanuru, mwache alie.