Damu kwenye makohozi, na kipimo cha TB kimesema hamna

Daktari, shikamoo. Nina miaka 34, sivuti sigara. Huu mwezi wa nne nakohoa na makohozi yana vistari vya damu. Nimepimwa TB mara mbili, hamna. Eksirei ni safi, lakini nimeanzishiwa dawa za TB hivyo hivyo. Niendelee kumeza? (Tanga)

Marahaba. Usiziache mwenyewe. Rudi kwa aliyekuandikia akueleze anakutibu kwa msingi gani. Kwetu huku anayekohoa damu hupimwa TB kwanza, na ndivyo inavyotakiwa. Wengine huwa na makovu ya TB ya zamani, vali ya moyo iliyobana, au saratani. Lakini ikiwa makohozi yamepita mara mbili kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB, na picha ni safi, nami ningeanza kutafuta mahali pengine.

Eksirei haioni vizuri ndani ya bomba la hewa, lile koo linalopeleka pumzi mapafuni. Kwa mtu mzima bomba hilo lina upana wa kama sentimita 2. Uvimbe wa ukubwa wa punje ya harage ukishika ukutani mwake, kivuli chake hupotea kwenye moyo na uti wa mgongo. Omba rufaa upigwe CT ya kifua, ile picha ya kompyuta, kisha bronkoskopi, ile kamera nyembamba inayopitishwa puani au mdomoni hadi kwenye matawi ya hewa. Hospitali kama Muhimbili wanayo.

Nami nikuulize: kifua kinapiga mluzi? Upande mmoja tu? Nimonia inarudi pale pale? Mluzi wa pumu kwa kawaida husikika pande zote mbili. Ule wa upande mmoja, usiosikia dawa ya kuvuta, hunifanya nishuku kuna kitu kimeziba. Nimeshaona watu waliotibiwa pumu miaka mingi na pumu hawana.

Nimekutwa na uvimbe kwenye njia ya hewa, wakasema si saratani. Sasa damu inatoka wapi? (Eldoret)

"Si saratani" maana yake hautasambaa kwenda kwenye ini au mifupa. Kuvuja damu ni habari nyingine. Kuta za njia ya hewa hulishwa na mishipa inayochipuka kutoka mshipa mkuu wa moyo, kwa hiyo damu yake ina msukumo mkubwa. Kila ukikohoa, ngozi laini ya uvimbe inakwaruzwa.

Uvimbe wenyewe una aina nyingi, zote adimu. Hamatoma ni mchanganyiko wa gegedu na mafuta, na kawaida yake ni kuziba zaidi kuliko kutoa damu. Hemanjioma ni fungu la mishipa ya damu. Kuna na glomasi, ambao makazi yake ya kawaida ni chini ya ukucha, ambako huuma sana kwenye baridi. Kuukuta kwenye koo la hewa ni nadra kiasi kwamba daktari wa kifua anaweza kustaafu bila kuuona.

Soma majibu yako ya maabara, utafute jina. Likiwa kasinoidi, rudi ukaulize upya: zamani iliitwa adenoma, yaani uvimbe usio saratani, na watu wakalala usingizi, siku hizi inahesabiwa saratani, ingawa ya mwendo wa kinyonga.

Mama mkwe anasema uvimbe ukiguswa na chuma unageuka saratani. Nikubali kukatwa kinyama cha kupimwa? (Morogoro)

Kubali. Uvimbe haugeuki kwa kuguswa. Tunachoogopa sisi ni damu. Ndiyo maana CT yenye dawa ya mshipani hutangulia: uvimbe ukiwaka sana kwenye picha, una mishipa mingi, na haudonolewi kwa pupa. Mgonjwa hupelekwa chumba cha upasuaji, akalazwa usingizi, ukatumika mrija mgumu unaopitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa. Mara nyingi uvimbe huondolewa hapo hapo kwa kitanzi cha waya, umeme, leza au baridi kali. Ukiwa umezamisha mizizi ukutani, hukatwa kipande cha bomba na ncha zikaunganishwa. Kama si saratani, dawa za saratani hazihitajiki.

Mwanangu wa miaka 5 sauti imekauka miezi mingi, sasa anapumua kwa kelele. Tumeambiwa ni vinundu vya kooni. (Mombasa)

Kama kelele ipo hata akiwa ametulia, mpeleke hospitali leo. Huenda ni papiloma, vinundu vinavyoletwa na virusi vya HPV aina ya 6 na 11, ambavyo mtoto huweza kuvipata wakati wa kuzaliwa. Si kosa lako. Daktari wa masikio, pua na koo huvikwangua, navyo huota tena, kwa hiyo jiandae kwa safari nyingi.

Damu ikitoka nyingi usiku nifanye nini? (Dodoma)

Nenda hospitali usiku huo huo. Nafasi iliyomo kwenye mirija ya hewa ni kama mililita 150, chini ya kikombe cha chai, kwa hiyo mtu hukosa pumzi kabla hajaishiwa damu. Ukijua pafu linalovuja, lalia upande huo. Usipojua, kaa umeinama mbele, uteme. Usinywe dawa ya kutuliza kikohozi, na usiendeshe gari mwenyewe.